Lichess kwa mchezaji wa mashindano: tathmini ya fundi simu wa Kariakoo

Watu wengi hapa mjini wanaijua Lichess, tovuti na programu ya simu ya sataranji, kama sehemu ya kuchezea mechi za haraka ukiwa umebanwa ndani ya mwendokasi. Sawa, kwa hilo inafaa. Mimi nataka kuizungumzia kwa kazi nyingine: kujiandalia ufunguzi wa sataranji, yaani zile hatua za mwanzo wa mchezo, utakaokwenda nao kwenye mashindano ya ukumbini, ana kwa ana, saa ipo mezani na simu imezimwa. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu niliyoikata nitaieleza huko chini. Ila kama huna muda wa kusoma yote, chukua hili moja: ndani yake kuna kanzidata ya mechi za mabingwa na kanzidata ya mechi za watu kama mimi na wewe, na karibu kila mtu anakimbilia ya mabingwa. Hiyo ya pili ndiyo inayokuonyesha mtu utakayekaa naye meza moja Upanga Jumamosi asubuhi.

Nijitambulishe ili ujue nani anaongea. Mimi ni fundi simu, nina meza yangu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Sataranji nimeijia ukubwani, nikitokea kwenye drafti ya vizibo vya soda kule Buguruni. Sina mwalimu wa kunilipisha kwa saa na wala sikuwahi kuwa na maktaba ya vitabu vya mchezo huu. Nina simu, nina bando, na nina vipindi vya mchana ambapo wateja wanakata nikawa nimekaa tu na bisibisi mkononi. Kiwango changu cha Lichess kwa mechi za muda wa kati kiko kwenye 1600 na kitu. Kwa hiyo usitegemee uchambuzi wa bingwa hapa. Hii ni tathmini ya mtumiaji.

Bei kwanza, maana ndiyo watu wanayoniuliza wakiona naifungua. Ni sifuri. Tumelelewa na maneno kwamba rahisi huvunja upishi, na mjini hapa ukiambiwa kitu ni bure unaanza kwa kupapasa mfuko wako uone kama simu bado ipo. Kwa hiyo niliikagua kifundi. Hakuna tangazo hata moja. Hakuna ule mtego wa kukupa jaribio la wiki halafu wanaanza kukukata hela. Ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa anayeitwa Thibault Duplessis, leo inaendeshwa na chama kisicho cha faida huko Ufaransa, inaishi kwa michango ya watumiaji, na msimbo wake wote umewekwa hadharani, anayejua kuusoma ausome. Ukichangia unapewa alama ya kibawa pembeni ya jina lako. Basi. Hawakufungulii chumba cha ziada kwa sababu hakuna chumba kilichofungwa. Mshindani wake mkubwa anauza uanachama wa ngazi ngazi, na sisemi ni vibaya, kila mtu na biashara yake.

Sasa kazi yenyewe. Ukiingia kwenye ubao wa uchambuzi kuna alama ya kitabu. Ukiigusa, pembeni ya ubao inatokea orodha ya hatua ambazo watu wamewahi kucheza kutoka pozisheni uliyonayo. Kila hatua ina idadi ya mechi, na ina mstari wenye rangi tatu: nyeupe kwa mechi ambazo weupe walishinda, kijivu kwa sare, nyeusi kwa ushindi wa weusi. Ukisogeza kete, orodha inabadilika. Unaweza kushuka hivyo hatua kwa hatua mpaka ufike mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika.

Juu ya orodha hiyo kuna vidirisha vitatu. Cha kwanza ni cha mabingwa, kina mechi za mezani za wachezaji wenye kiwango cha 2200 na zaidi cha FIDE, shirikisho la sataranji la dunia. Cha pili ni cha wachezaji wote wa Lichess, na hapa unaweza kuchuja kwa kiwango na kwa kasi ya mchezo. Cha tatu ni cha mchezaji mmoja utakayemtaja kwa jina lake la mtandaoni. Cha tatu hiki mwanzoni nilikidharau. Nitakirudia.

Niliitumia kwa Gambiti ya Denmark; gambiti ni ufunguzi wa kutoa kete makusudi ili upate shambulizi. Kwa asiyeijua (herufi na namba ni jina la mraba kwenye ubao, na kitunda ni kete ndogo ya mstari wa mbele): weupe wanaanza e4, weusi e5, weupe d4, weusi wanakula. Hapo badala ya kurudisha kilicholiwa, weupe wanasogeza c3, wanatoa kitunda kingine. Wakila tena, askofu anatoka c4, na kitunda cha tatu kinaachwa b2. Wakikila nacho, askofu wa pili anakula b2, na hesabu inasimama hivi: umepungukiwa vitunda viwili, lakini maaskofu wako wawili wamekaa bega kwa bega, mmoja anaikodolea macho f7, mwingine g7, na mwenzio hajatoa hata farasi. Ufunguzi huu ulipata jina lake kupitia Mdenishi Severin From, aliyeucheza Paris mwaka 1867, na baadaye ukawa kipenzi cha washambuliaji wa zamani: Blackburne, Mieses, Marshall, hata Alekhine. Kufika miaka ya 1920 ulikuwa umeshashuka soko. Weusi walikuwa wamepata dawa.

Kwa nini nichague ufunguzi ulioshuka soko? Kwa sababu ya drafti. Anayejua drafti ya Dar anajua kula ni lazima. Kete ikiwekwa mbele yako unaila, hata kama unaona kabisa kwamba unapelekwa kwenye shimo. Wachezaji wengi wa sataranji ninaokutana nao wametokea kwenye vijiwe hivyo hivyo, na mkono umeshazoea. Ukimwekea kitunda hatajiuliza kwa nini kipo pale. Atakila, atakiweka pembeni ya ubao kwenye mstari, na atakutazama kwa huruma.

Hayo yalikuwa mawazo yangu tu, ya kijiweni. Nilitaka kuyapima, na hapa ndipo vidirisha viwili vilipotoa majibu yanayopishana kabisa.

Kidirisha cha mabingwa kilinikatisha tamaa. Mechi chache, na mistari ya rangi isiyovutia. Ukiwasha Stockfish, injini ya kompyuta inayopima nani yuko mbele, nayo inasema baada ya c3 weusi ndio walio mbele kidogo. Mtu wa kawaida anafunga hapo na kwenda kutafuta ufunguzi mwingine. Lakini angalia maandishi madogo: kanzidata ile ya mabingwa inaanzia mwaka 1952. Maana yake mechi zote za enzi ambazo gambiti hii ilikuwa inachinja watu, za kina Marshall na Mieses, hazimo. Unachokiona ni kipindi ambacho dawa ilikuwa imeshaandikwa na kila bingwa ameshaimeza. Si uongo. Ni picha ya watu ambao mimi sitakutana nao.

Kidirisha cha pili nilikichuja: viwango vya 1400, 1600 na 1800, na kasi nikaacha za muda wa kati na mrefu tu. Hapo ubao ulibadilika sura. Wengi wanakula cha kwanza, wanakula cha pili, na cha tatu hawakiachi. Dawa yenyewe, ile ya kusukuma d5 mara baada ya askofu kula b2, haikuwa juu ya orodha. Juu kulikuwa na vitu vya kibinadamu: askofu b4 kwa sababu kupiga shaha, yaani kumtishia mfalme, kunampa mtu raha, d6 ya kujibanza, farasi f6 kwa sababu farasi inabidi atoke. Nikaanza kuzifuata njia hizo moja moja, na kila nilipofika mahali weupe wanashinda sana nilisimama kuuliza kwa nini, nikaihifadhi kwenye kile wanachokiita utafiti, daftari la ndani ya Lichess lenye nafasi ya sura hadi 64. Sura ya kwanza niliipa njia ya askofu b4.

Tuje ukumbini. Mashindano yalikuwa Upanga, dakika 60 kwa kila mchezaji na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, karatasi ya kuandikia hatua mezani, mwamuzi mkali wa simu. Nilipangwa na mzee mmoja mstaafu, shati la kitenge limepigwa pasi likasimama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea saa upande wa kulia kwa adabu kabisa. Mimi nilikuwa na weupe.

e4, e5. d4, akala. c3. Hapo akanitazama, akainama kuangalia kama c3 nimeigusa kwa bahati mbaya, maana ukigusa umecheza, akala. Askofu c4, akala b2. Askofu wangu akala b2. Vitunda vyangu vitatu vilikuwa vimepangwa pembeni ya ubao wake, vimenyooka. Nilijua kijiwe chake bila kuuliza.

Akatoa askofu b4, shaha. Sura ya kwanza hiyo. Nikaziba kwa farasi c3. Akatoa farasi f6. Nikamleta farasi wa pili e2, na nikaacha e4 wazi makusudi. Mzee alifikiri kidogo tu. Farasi wake akala e4. Vitunda vitatu mbele sasa. Nikamhamisha mfalme pembeni, ngome ikaja f1. Akaona mabadilishano mazuri: farasi wake akamla farasi wangu wa c3, farasi wangu wa e2 akarudisha kwa kula pale pale c3, askofu wake akala tena c3, askofu wangu wa b2 akamaliza kwa kumla. Hatua ya 10 imekwisha, farasi wangu wote wawili hawapo, nina vitunda vinne na yeye ana saba. Aliyekuwa anapita akichungulia meza angesema kijana amekwisha.

Lakini tazama maaskofu. Mmoja c4, mwingine c3, na hakuna kitu mbele yao. Askofu wa c3 alikuwa anataka kuila g7 na kuifuata ngome ya h8. Mzee akaliona hilo, akafanya jambo ambalo kila mtu mwenye busara angelifanya: akamficha mfalme, g8, na ngome f8. Na hilo ndilo lililomzamisha.

Malkia wangu akaenda g4. Anatishia kuila g7 na mchezo uishe. Mkono wa mzee ukaenda kwenye kitunda cha f, akausimamisha hewani kabla haujagusa. Aliona mwenyewe: f6 hairuhusiwi, kwa sababu kitunda cha f7 kikisogea tu, askofu wa c4 anamfikia mfalme wa g8. Kimefungwa pale. Basi ikabaki g6, kuziba njia ya malkia. Akaicheza na kubonyeza saa.

Malkia d4.

Hatua hiyo ndiyo yote. Malkia amekaa mbele ya askofu wake kwenye mshazari mrefu, na anakwenda ama g7 ama h8, popote anapotua mfalme amekufa. f6 bado imefungwa. Ukisogeza ngome, h8 inaua. Ukimtoa malkia f6 kuziba, unapoteza malkia na kifo kinakuja hatua inayofuata. Mzee alikaa na ubao ule muda mrefu kuliko mechi yote iliyotangulia. Kisha akasimamisha saa, akanipa mkono.

“Kijana, kumbe ulikuwa unanilisha.”

“Mzee wangu, kule kwetu kula ni lazima. Huku si lazima.”

Akacheka mpaka mwamuzi akatunyooshea kidole. Tulitoka nje tukanywa chai, nikamwonyesha njia ile kwenye simu, na kwa kweli mstari mweupe pale kwenye kidirisha cha pili ulikuwa mnene. Kwenye kidirisha cha mabingwa njia hiyo haikunisaidia kitu, na ukifikiri utaona ni haki: bingwa gani atakubali kula vyote vile? Ndiyo maana nasema mtu akijiandaa kwa kuangalia mabingwa peke yao anajiandaa kwa mashindano ambayo hajaalikwa.

Kama habari ingeishia hapo ningetoa nyota tano na kufunga. Lakini kwenye raundi ya baadaye nilikaa tena na weupe, mbele ya binti wa sekondari, sare ya shule imekunjwa mikono. Akaniamkia kwa adabu zote, akaandika jina langu kwenye karatasi yake kabla sijamtajia. Ningeshtuka hapo. Nikaanza vilevile. e4, e5, d4, akala, c3, akala, askofu c4, akala, askofu akala b2.

d5. Hakutumia hata sekunde tano.

Hii ndiyo dawa yenyewe, na wanaiita kwa jina la Carl Schlechter, yule Mwaustria aliyekaribia kumvua Lasker ubingwa wa dunia mwaka 1910. Inarudisha vitunda ili kuzima moto. Askofu wangu akala d5, akatoa farasi f6. Askofu akala f7 kwa shaha, mfalme wake akamla. Malkia wangu akamla malkia wake wa d8, na hapo asiyejua anafikiri amepata bahati ya mwaka. Kumbe askofu wake anatoka b4 kwa shaha, na kwa kutoka kwake ngome ya h8 imefunguka kumwelekea malkia wangu kule d8. Sina budi kumrudisha malkia d2 kuziba. Askofu akamla, farasi wangu akamla askofu. Malkia wote wawili nje ya ubao, vitunda vitano kwa vitano, kete sawasawa. Ngome yake ikaenda e8 kukitazama kitunda changu cha e4, nikakilinda kwa f3, na tukaanza mchezo mwingine kabisa: yeye ana vitunda vitatu dhidi ya kimoja changu upande wa malkia, mimi nina vinne dhidi ya viwili vyake upande wa mfalme. Tulisukumana hivyo mpaka zikabaki ngome. Alipendekeza sare kwa utaratibu, hatua kwanza, maneno, ndipo saa. Nikakubali.

Njia ile niliijua, na ndiyo iliyoniokoa nisipanic. Nayo niliipata wapi? Kwenye kidirisha cha mabingwa, nilichokuwa nakisema vibaya. Kwa hiyo nirekebishe ushauri wangu uwe sahihi: tumia cha watu wa kawaida kujua watakachokifanya wengi, halafu tumia cha mabingwa kujua utakachofanyiwa na yule mmoja aliyesoma. Njia nyingine ya kukuharibia gambiti hii ni weusi kukataa cha pili na kusukuma d5 mapema, hatua ya tatu. Huko Capablanca, bingwa wa dunia wa wakati huo, alimwonyesha Marshall mwaka 1926, Lake Hopatcong, Marekani, wazo la malkia kutua c4 na kumzuia mfalme mweupe asijifiche. Hilo nalo utaliona mabingwa, si kwa wa 1400.

Sasa ile nusu nyota. Mstari wa rangi unakuambia nani alishinda, haukuambii kwa nini. Ukiona weupe wameshinda sana, inawezekana ufunguzi ni mzuri, na inawezekana pia watu waliishiwa muda hatua ya 40 kwa jambo lisilohusiana na ufunguzi kabisa. Ndiyo maana kuchuja kasi ni lazima. Mechi za dakika tatu zikiingia humo unapata takwimu za vidole, si za akili. Na ukishuka hatua nyingi chini, unakuta mechi nane au kumi, mstari mweupe umejaa, unashangilia. Mechi nane hazisemi kitu. Mpango mzima haukuonyi kuhusu hilo, unakuachia mwenyewe. Vilevile usichanganye kiwango cha Lichess na cha FIDE. Lichess inatumia hesabu ya Glicko-2 na akaunti mpya inaanzia 1500, FIDE inatumia Elo na tangu Machi 2024 kiwango cha chini kabisa ni 1400. Mwenye 1700 ya simu hawezi kuichukulia kama 1700 ya ukumbini. Wengi wameumia hapo kwa kujiamini.

Upande wa kifaa, ambao ndio ufundi wangu. Kanzidata ya ufunguzi inataka intaneti, kwa sababu haikai ndani ya simu yako, lakini ni maandishi na namba, kwa hiyo haili bando kama video. Kinachoua simu ni injini. Ukiiacha Stockfish ikifikiri huku umeshikilia simu ya bei nafuu, inachemka, betri inashuka ukiiona, na kama betri yenyewe imeshaanza kuvimba utaniletea mimi Kariakoo na nitakutoza. Iwashe, soma, izime. Ukitaka mechi nzima ichambuliwe, omba uchambuzi wa seva: kazi hiyo inafanywa na kompyuta za watu wanaojitolea, simu yako inapokea majibu tu. Na umeme ukikatika mtaani, utafiti wako uko salama huko kwao.

Nimalizie na kile kidirisha cha tatu. Tulipotoka mezani yule binti aliniambia bila kuficha: “Kaka, mimi mechi zako zote nimeziona.” Kwenye kundi la WhatsApp la mashindano tulikuwa tumeorodheshwa kwa majina yetu ya Lichess. Alichukua langu, akaliweka kwenye kidirisha cha mchezaji, akachagua weupe, na gambiti yangu ikajianika yenyewe, mechi kwa mechi. Utafiti unaweza kuuweka faragha, na wangu ulikuwa faragha. Mechi ulizocheza haziko faragha, mtu yeyote anaziona. Kwa hiyo ukiwa na ufunguzi unaoutunza kwa ajili ya mashindano, ufanyie mazoezi kwenye ubao wa mezani na jirani yako, usiende kuuchezea usiku kucha mtandaoni kwa jina ambalo limebandikwa kwenye kundi.

Jina lake nami ninalo. Kwa weupe huanza d4, kisha askofu f4, kila mara. Nimeshachuja.